Manute Bol: mtu mrefu ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia

Ukivuka daraja la mto Tshopo hapa Kisangani na kushika barabara ya zamani ya Buta, kilomita 14 ao 15 hivi unafika Masako. Kule kuko pori la akiba, ndani ya kona ya mto, na wengi wanalijua juu ya wanafunzi wa Universite ya Kisangani ambao wanaenda kujifunza miti, ndege na panya wa pori. Lakini barabara haiishi Masako. Inapanda kaskazini mpaka Buta, na kutoka Buta njia zingine zinaenda Isiro, Faradje, mpaka Aba kwenye mpaka wa Sudani Kusini. Ukivuka ule mpaka na kutembea siku nyingi tena, pori linabaki nyuma, unaingia kwenye majani marefu na maji ya Bahr el Ghazal, nchi ya Wadinka, watu wa ng'ombe. Njo kule alitoka Manute Bol, mchezaji wa basketi ambaye tunasimulia maisha yake leo.

Wazee wanamkumbuka kwa televisheni: mtu mweusi sana, mwembamba sana, mrefu kupita wote, mita 2 na sentimita 31. Vijana wanajua jina tu. Amekufa tangu mwaka 2010. Lakini maisha yake yanagusa jambo ambalo kila familia ya mchimbaji inalijua: kazi gani inaandikwa kwenye karatasi, na kazi gani inafanyika kila siku bila mtu kuiandika.

Tuanze na hesabu, maana mchezo wa basketi unapenda hesabu. Manute alicheza miaka kumi katika NBA, shampiona kubwa ya Marekani. Alicheza mechi 624. Katika hizo mechi zote alitia pointi 1.599. Hiyo ni kidogo sana: kwa kila mechi haifiki hata pointi 3. Lakini kontre alipiga 2.086. Kontre, kwa wale ambao hawafuati mchezo, ni hivi: adui anarusha mpira uende kwenye kikapu, wewe unaruka ao unanyosha mkono, unaugonga kabla haujafika. Manute alizuia mipira ya wengine mara 487 kupita pointi alizotia yeye mwenyewe. Kati ya wachezaji wenye kucheza muda mrefu kule, ni yeye mmoja tu ambaye hesabu yake inasimama vile, kichwa chini miguu juu.

Mtoto wa ng'ombe

Karatasi zinasema alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 1962, upande wa Turalei. Tuseme karatasi, juu katika kijiji cha Wadinka wakati ule hakuna mtu alikuwa anaandika siku ya mtoto kuzaliwa. Jina Manute, kwa Kidinka, ni baraka ya pekee. Babu yake alikuwa chifu. Baba na mama yake walikuwa warefu wote wawili, kwa hiyo urefu wake haukushangaza watu wa kwao sana. Alikuwa mtoto kati ya watoto.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga ng'ombe. Hakukaa kwenye masomo. Kwa Wadinka ng'ombe ni mali, ni mahari, ni heshima ya familia, na mtoto wa kiume anakomaa nyuma ya ng'ombe. Simba wakikuja, mchungaji anashika mkuki. Manute mwenyewe alisimuliaka vile aliua simba kwa mkuki, na hakuficha kwamba yule simba alikuwa amelala. Watu wa Marekani walipenda sana ile hadithi, waliiandika kila mahali. Yeye aliona ni kazi ya kawaida: simba alikula ng'ombe, basi.

Kwanza alicheza mpira wa miguu, lakini alizidi kuwa mrefu mpaka akauacha. Karibu mwaka 1979 ndugu zake walimwambia ajaribu basketi. Alianza Wau, halafu akaenda Khartoum, mji mkuu. Inasimuliwa kwamba siku za kwanza alitaka kupigilia mpira ndani ya kikapu, akagonga meno kwenye chuma, yakavunjika. Khartoum alipata mateso mengine pia: yeye ni mtu wa kusini, mkristu, katika mji wa watu wa kaskazini. Walimtukana njiani. Alibaki, akacheza, akaingia ekipe ya taifa ya Sudani.

Mwaka 1982 kocha mmoja wa Marekani, Don Feeley, alienda Sudani kufundisha, akamwona. Alirudi kwao na habari ambayo watu hawakuisadiki: kuko kijana anayegusa kikapu bila kuruka.

Karatasi ya kwanza ya uongo

Manute alifika Marekani mji wa Cleveland. Hapo karatasi zilianza kumfanyia matata. Mwaka 1983 ekipe ya San Diego Clippers ilimchagua, lakini wakubwa wa shampiona walikataa. Moja ya mambo ambayo yalisimuliwa ni kwamba paspoti yake iliandika urefu wa mita 1 na sentimita 58 hivi. Mita 1 na 58! Maelezo yake yalikuwa mafupi: siku ya kumpima, alikuwa amekaa kwenye kiti.

Mtu anaweza kucheka. Lakini mchimbaji anajua ile hali. Unaleta mzigo, mwingine anapima, mwingine anaandika, na kile kilichoandikwa njo kinabaki kweli. Wewe uko pale umesimama, mita 2 na 31, lakini karatasi inasema 1 na 58, na mtu wa ofisi anaangalia karatasi.

Hakujua kusoma. Hakujua Kiingereza. Alikaa darasani na kujifunza lugha, yeye mtu mzima ambaye magoti yake hayakuingia chini ya meza. Mwaka 1984 alienda kwenye universite ndogo ya Bridgeport, katika jimbo la Connecticut. Ile ekipe ilishinda mechi 26, ikapoteza 6. Manute peke yake alileta kila mechi, kwa wastani, pointi 22,5 na kontre 7,1. Watu walijaa kwenye uwanja mdogo kumwona.

Mwaka 1985 Washington Bullets ilimchagua, namba 31. Kilo zake zilikuwa karibu 90 tu. Waliogopa kwamba wanaume wazito wa NBA wangemvunja kama mti wa muhogo. Hawakumvunja. Katika mwaka wake wa kwanza alicheza mechi 80, akapiga kontre 397. Mpaka leo hakuna mchezaji mpya ambaye amefika hapo katika mwaka wa kwanza. Na kwa wachezaji wote, wapya na wa zamani, ni Mark Eaton peke yake aliyepita ile hesabu katika msimu mmoja, kontre 456, mwaka mmoja mbele yake. Tarehe 25 mwezi wa 1 mwaka 1986, mbele ya Atlanta Hawks, Manute alizuia mipira 15 katika mechi moja. Mwaka uliofuata alifanya vile tena mbele ya Indiana Pacers.

Pointi moja

Sasa tuingie katika mechi moja ya wakati ule, juu inaonyesha vizuri jambo tunalotaka kusema.

Mwezi wa 4 mwaka 1986, Washington ilienda Philadelphia kwa mechi ya kwanza ya mtoano. Philadelphia ilikuwa na Julius Erving, ambaye watu walimwita daktari wa mpira, na kijana mwenye nguvu, Charles Barkley. Mechi ilikwenda vibaya kwa wageni. Dakika zilizobaki hazikufika 4, na Washington ilikuwa nyuma kwa pointi 17. Kwa basketi, hiyo ni maiti inayongoja kuzikwa. Watu wengine wanaanza kutafuta mlango wa kutokea.

Lakini tangu pale Philadelphia haikutia pointi hata moja tena. Washington ilitia 18. Saa ikiwa inaisha kabisa, Dudley Bradley alirusha mpira kutoka mbali, ukaingia, ukaleta pointi 3. Washington 95, Philadelphia 94.

Kesho yake kila mtu alisema Bradley. Ni haki yake, yeye njo alipiga shuti ya mwisho. Lakini tuangalie hesabu kama mtu wa mizani anavyoangalia. Kumi na nane kwa sifuri. Ile kumi na nane ina majina: karatasi inaonyesha huyu alitia 2, yule 2, Bradley 3. Ile sifuri, nani mwenye kuifanya? Kama Philadelphia ingetia kikapu kimoja tu katika zile dakika, shuti ya Bradley isingetosha kushinda. Sifuri ilikuwa kazi ya watu watano wenye kukimbia, kuziba njia, kunyosha mikono, kumlazimisha adui arushe mpira vibaya. Kazi ile haina mstari wake kwenye karatasi ya mechi. Inaonekana tu upande wa adui, pale ambapo hakuna kitu.

Ekipe ya Washington ya mwaka ule ilijengwa juu ya kazi ya namna hiyo, na Manute alikuwa mti wake wa katikati. Mwisho wa mtoano Philadelphia ilishinda mechi 3 kwa 2, ikaendelea. Lakini wachezaji walijua: mbele ya yule mtu mrefu, hata mpira ambao hakuugusa ulipotea njia. Mtu anafika karibu na kikapu, anakumbuka ile mikono ambayo kutoka ncha mpaka ncha ilipita mita 2 na nusu, anageuka, anarusha kutoka mbali, anakosa. Kontre 15 ziliandikwa. Mara ngapi adui aliogopa, haikuandikwa.

Na hata kontre zenyewe, NBA ilianza kuziandika rasmi msimu wa 1973-74 tu. Bill Russell, aliyechukua shampiona 11 katika miaka 13 na Boston, na ambaye wengi wanamweka juu ya wote kwa kuzuia, hana hata kontre moja katika buku rasmi. Alizipiga, watu wakaziona, lakini hakukuwa na sanduku la kuzitia kwenye karatasi. Wilt Chamberlain ni vile vile. Kama Manute angezaliwa miaka 20 mbele, buku lingemwonyesha kama mchezaji mrefu asiyejua kutia pointi, na basi.

Hapa wapapa wa kwenye mashimo wataelewa mbio kuliko watu wa ofisi. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Banalia ao Bafwasende, gramu zikipimwa jioni, hesabu inaenda kwa PDG wa shimo na kwa wale walioingia kuvunja jiwe. Lakini kuko mtu mwingine aliyekata miti porini asubuhi, akaiingiza ndani, akaipanga moja moja kushika udongo usianguke. Yeye hakuleta gramu. Kazi yake ikienda vizuri, hakuna kitu kinatokea: wanaume wanatoka jioni na matope, wanaoga, wanaenda kula. Nani atahesabu kitu ambacho hakikutokea? Siku miti inapovunjika njo watu wanamkumbuka, na ile siku ni ya kilio. Vile vile kwa yule anayetosha maji, na kwa mama anayekatalia mtoto asiende shimoni, abaki masomoni. Kazi zao ni sifuri ya upande wa adui.

Mtu wa kuchekesha

Watu walimpenda Manute, lakini mara nyingi walimpenda kama kitu cha kushangaa. Mwaka 1987 Washington ilimleta Muggsy Bogues, mchezaji wa mita 1 na 60 tu, na wapiga picha waliwasimamisha pamoja, mrefu kupita wote na mfupi kupita wote. Manute alicheka nao. Alikuwa na mdomo mwepesi, alipenda kutania wenzake.

Mwaka 1988 alihamia Golden State Warriors, California. Kule kocha Don Nelson alimpa ruhusa ya kurusha kutoka mbali, jambo ambalo watu warefu wengi wa wakati ule hawakufanya. Ile mipira aliirusha kama mtu anayetupa mzigo kutoka kichwani. Msimu ule alijaribu mara 91, ikaingia 20. Hiyo si hesabu nzuri, lakini kila mara alipokamata mpira kule mbali uwanja wote ulisimama. Wakati uleule alipiga kontre 345, akawa wa kwanza tena katika shampiona yote.

Tarehe 3 mwezi wa 3 mwaka 1993, akiwa na Philadelphia, mbele ya Phoenix Suns ya Barkley, alitia shuti 6 za pointi 3 katika nusu moja ya mechi. Pointi 18 kwa mtu ambaye kawaida yake haikufika 3! Wale wanaokumbuka mechi moja tu ya Manute, wengi wanakumbuka ile. Ni ajabu kidogo: mtu amezuia mipira elfu mbili, na kinachobaki kwenye kichwa cha watu ni siku alipotia sita.

Franga zilienda wapi

Wakati Manute anacheza, kwao kuliwaka moto. Vita vya Sudani vilianza tena mwaka 1983, mwaka uleule ambao jina lake lilisikika kwa mara ya kwanza kwa wakubwa wa NBA, na viliendelea mpaka 2005. Watu karibu milioni 2 walikufa kwa risasi, kwa njaa na kwa magonjwa. Jamaa zake wengi sana walikuwa kati yao.

Manute alikuwa anakamata mshahara ambao mtu wa kijiji chake hawezi hata kuuhesabu. Alianza kutuma. Alitumia wakimbizi chakula na dawa, alisaidia chama cha watu wa kusini waliokuwa wanapigana, alienda mwenyewe kwenye kambi, akasimama katika vumbi na watoto wakashika miguu yake. Alienda pia Washington kwa wakubwa wa serikali, akasema nao juu ya vita ambavyo hawakutaka kusikia. Inahesabiwa kwamba alitosha dola karibu milioni 3 na nusu. Alipoacha kucheza, katikati ya miaka ya 1990, mifuko ilikuwa inaanza kuwa mitupu.

Miaka ya 1990 ikikaribia kuisha alirudi Khartoum, akitumaini amani. Inasimuliwa kwamba serikali ilitaka kumpa uwaziri wa michezo, kwa sharti aache ukristu awe mwislamu, akakataa. Baadaye walimshuku kwamba anasaidia waasi, wakamkatalia kutoka nchini. Mtu aliyeishi kwa kuzuia, naye akazuiwa. Aliuza vyombo vya nyumba ili familia ile. Marafiki wa Marekani walihangaika mpaka akapata njia ya kupita Misri, na mwaka 2002 akarudi Marekani, si kama mchezaji tajiri, lakini kama mkimbizi.

Hapo alifanya mambo ambayo yalihuzunisha wengi. Alipigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, mtu mnene aliyekuwaka mchezaji wa mpira wa Kimarekani, na akashinda. Alivaa viatu vya barafu na ekipe ya hoki, ijapokuwa hakujua kuteleza. Alikamata ruhusa ya kupanda farasi wa mashindano, mtu wa mita 2 na 31. Watu walicheka, wengine walisema amekwisha, anauza haya yake. Lakini yeye alijua anauza nini na kwa nani. Franga za ngumi zilikwenda kwa watoto wa Sudani. Kama watu wanalipa ili wacheke urefu wangu, alifikiri, basi wacheke, na wale watoto wale.

Mwaka 2004 taksi aliyopanda huko Connecticut ilipata ajali. Alivunjika shingo, karibu afe. Na hapa tusifiche: hakuwa na asiransi ya lopitali. Mtu aliyelipa dawa za maelfu hakuwa na cha kulipa dawa zake. Marafiki walikusanya.

Mama mmoja msomaji anaweza kuuliza: je, ile ni hekima? Mwenye watoto wake atoe yote, mpaka yeye mwenyewe alale kitandani bila kitu? Ni swali la haki, na katika nyumba zetu linaulizwa kila mwisho wa mwezi. Mume anatoka machimboni na franga kidogo, simu inaanza kulia: mjomba anaumwa, shemeji ana kilio, mtoto wa dada amefukuzwa masomoni juu ya minervale. Mwenye kutoa yote anasifiwa kijijini na anahangaika nyumbani. Mwenye kufunga mkono analala vizuri, lakini siku ya msiba wake watu wanahesabika kwa vidole. Manute hakupata katikati ya hayo mawili. Alichagua upande mmoja, akalipa bei yake bila kulalamika. Mwenzetu Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliyekuja katika NBA nyuma yake na kupiga kontre 3.289, alipanga tofauti: alitunza kwanza, halafu mwaka 2007 akafungua lopitali kubwa Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie. Mutombo naye ametuacha, mwaka 2024. Wote wawili walizuia, wote wawili walitoa. Lakini mmoja alikuwa na vita mlangoni, na mwenye nyumba inayowaka hana wakati wa kujenga kisima kwanza.

Mwisho, na kilichobaki

Miaka yake ya mwisho Manute alishughulika na masomo. Alitaka watoto wa kusini, wakristu na waislamu, wakae darasa moja. Alianzisha shule kwao Turalei pamoja na marafiki wa Marekani. Mwaka 2010 alienda Sudani juu ya ile kazi na juu ya uchaguzi, akabaki kule kuliko siku alizopanga, akiwa tayari mgonjwa. Figo zilikuwa zinakufa, na ngozi ilishikwa na ugonjwa mbaya. Walimrudisha Marekani, na tarehe 19 mwezi wa 6 mwaka 2010 alifia katika lopitali ya Charlottesville, Virginia. Alikuwa na miaka 47. Walimwombea katika kanisa kubwa la Washington, halafu mwili ukarudi Turalei, ukazikwa karibu na babu yake.

Hakuona taifa lake. Sudani Kusini ilipata uhuru tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011, mwaka mmoja na siku chache nyuma ya kifo chake.

Lakini kuko kitu kimoja alichoacha Misri. Miaka ya 1990, kati ya familia za wakimbizi wa kusini kule Kairo, kulikuwa na kijana mdogo, Luol Deng, na ndugu zake. Manute aliwakuta, akawafundisha basketi. Luol Deng alikomaa, akacheza NBA miaka mingi, akaitwa mara mbili katika mechi ya nyota. Halafu akawa kiongozi wa shirikisho la basketi la Sudani Kusini, akalipa gharama nyingi kutoka mfuko wake, sawa na mwalimu wake.

Tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2024, London, ekipe ya ile nchi changa ilicheza na Marekani, ekipe yenye LeBron James na wakubwa wengine, mechi ya kujitayarisha kwa michezo ya Olimpiki ya Paris. Sudani Kusini iliongoza kwa pointi 14 wakati wa mapumziko. Sekunde 8 zikibaki, LeBron alitia kikapu. Marekani 101, Sudani Kusini 100. Carlik Jones wa Sudani Kusini alikuwa na pointi 15, rebo 11 na pasi 11.

Pointi moja, kama ile ya Philadelphia mwaka 1986, lakini safari hii upande mbaya. Katika karatasi ya mechi ile ya London majina yote ya wachezaji yameandikwa, na dakika zao, na makosa yao. Jina la Manute Bol haliko. Lakini ukiuliza wale vijana mpira ulifikaje katika nchi yao, njia inapita kwa Luol Deng, inapita Kairo, na mwisho inafika kwa mchunga ng'ombe wa Turalei.

Na wewe papa unayesoma hii leo nyumbani kwako, kesho ukiingia shimoni, angalia ile miti juu ya kichwa chako. Uliza nani aliiweka. Gramu zikipimwa jioni, mkumbuke katika mgawo.